Kiondo cha Simu Pale Kwa Ndunda

"Kati ya anayetuma na anayepokea, mtandao unamtumikia nani?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa kazini, na sikuweza kulijibu. Aliyeniuliza ni Fundi Mkuu wa eneo, Bwana Musyoka, mwanamume mrefu aliyezoea kuongea huku mikono yake ikifunga nati. Tulikuwa mjini Kitui, ndani ya uzio wa waya unaozunguka mnara wa simu. Nilikuwa na helmeti mpya, viatu vizito vilivyokuwa bado vinaniuma, na shahada ya uhandisi wa mawasiliano ambayo nilidhani inatosha.

"Wote wawili," nikajibu.

"Hapo umebahatisha."

"Basi anayelipia bando."

"Hapo umejibu kama kampuni. Mimi nimekuuliza wewe, Mueni."

"Kwani wewe unajua jibu?"

Akaacha nati, akanitazama. Mafundi wawili waliokuwa wakisafisha kabati la mitambo wakaangua kicheko. "Fundi Mkuu, huyu umeletewa wakili," mmoja akasema. Bwana Musyoka hakukasirika. Alinikabidhi mshipi wa kupandia. "Panda uangalie antena ya tatu. Ukishuka na jibu, sawa. Ukishuka bila jibu, sawa pia. Muhimu ushuke salama."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliokwisha kupewa saa ya ukutani na keki. Mimi sijafika arobaini. Lakini minarani nimestaafu. Siku hizi nafundisha katika chuo cha ufundi, na wanafunzi wangu wanapouliza kazi ya uwanjani ilikuwaje, naona kengele inalia kabla sijafika popote. Basi nimeamua kuiandika. Naiandika kwa shukrani, jambo ambalo wenzangu wa zamani hawatalisadiki, kwa maana walinijua kama mtu wa kubisha.

Nianze na kazi yenyewe. Mtu akituma picha kwa simu, picha ile haisafiri nzima kama barua ndani ya bahasha. Simu huikatakata vipande vidogo tunavyoviita pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani na nambari ili ijulikane inakwenda wapi na inakaa baada ya ipi. Kisha simu haina ruhusa ya kupayuka tu. Husikiliza kwanza mnara unatangaza nini, halafu hupiga hodi. Ndani ya mitambo ya mnara kuna programu ya kugawa zamu, nayo hufanya hivyo mara nyingi mno kwa sekunde moja: wewe sema sasa, wewe ngoja, wewe pokea. Pakiti ikishafika mnarani huenda kwenye sahani ya mawimbi, inayoirusha hadi mnara mwingine, na mwingine, mpaka ifike kwenye mitambo mikuu inayojua simu ya kila mtu ilionekana mwisho wapi. Huko inatafutiwa mwenyewe na kuteremshwa kwa njia kama ile ile.

Jambo ambalo wanafunzi huliruka haraka ni hili: karibu kila kipande kinachofika hurudishiwa jibu dogo sana, linalosema "nimepata." Jibu lisipoonekana, kipande kinatumwa tena. Hewa yetu imejaa majibu haya. Wakati huo niliyachukulia kama gharama, kitu cha kupunguzwa.

Kitui mjini nilijifunza kupanda, kuzima jenereta bila kuzima mtaa, na kutofautisha hitilafu ya mtambo na hitilafu ya panya. Nilimuuliza Bwana Musyoka maswali mpaka akanipa kiti changu ndani ya gari, cha nyuma kabisa. Kwa nini tunaandika ripoti ambayo hakuna anayeisoma? Kwa nini mlinzi wa mnara anaambiwa alinde dizeli asiambiwe analinda nini? Mengine aliyajibu. Mengine yalimfanya abadilishe sheria kimya kimya. Nikisikia mlinzi anaeleza wageni kazi ya antena nilijua swali langu lilifika.

Kisha nikapelekwa Kikima, kule Mbooni. Kule ni milima, matuta, na ukungu wa asubuhi unaokaa juu ya mashamba kama haujaambiwa uende. Msimamizi wa Kituo alikuwa mama mmoja mkali tuliyemwita Madamu, na ndiye aliyenifundisha umbali. Alinipandisha ukingoni mwa mlima, akanionyesha nyumba ng'ambo ya korongo.

"Mwambie yule mama habari ya asubuhi."

"Hawezi kunisikia kutoka hapa."

"Jaribu. Lakini usikimbize maneno."

Nikapaza sauti, neno moja, kisha lingine. Yule mama akapunga mkono. Madamu akasema, "Simu iliyo mbali hufanya hivyo. Inaongea polepole na kwa nguvu, ndiyo maana inamaliza betri, na ndiyo maana picha moja yake inakula zamu nyingi. Usije ukasema mtu wa mbali ni mzito. Ni njia yake ndiyo ngumu."

Nilibisha, kama kawaida, nikasema suluhisho ni minara zaidi. Akaniambia nikipewa bajeti nimwite.

Bwana Musyoka aliponipigia kuniambia nakwenda Mutomo, nilihisi nimeadhibiwa. Mutomo ni kusini mwa Kitui, nchi kavu, mbuzi wengi kuliko kivuli. "Kuna sekta moja inaleta shida," akasema. "Iangalie kwa macho yako."

Niseme sekta ni nini. Mnara hautangazi pande zote kwa antena moja. Antena zake zimegawana pande kama watu watatu waliopeana migongo, na eneo la kila mmoja tunaliita sekta. Mnara wetu uliokuwa kusini mwa mji ulikuwa na sekta moja iliyotazama soko, nyingine barabara kuu, na ya tatu ilitazama mgongo wa kilima uitwao Kwa Ndunda. Nyuma ya mgongo huo kulikuwa na bonde ambalo mawimbi yetu hayakulifikia. Kwa hesabu za ofisi, sekta ya tatu haikuwa na watu. Ila kila siku, mchana, kundi la simu liliibuka ghafla, likapiga hodi kwa pamoja, nyingi zikashindwa, kisha zote zikapotea.

Meneja wa Mipango, aliyekaa Nairobi, alinipigia Jumatatu.

"Hiyo sekta inaniaibisha kila wiki. Asilimia ya kushindwa ni mbaya kuliko eneo lote. Ijumaa naizima, mtambo wake wa redio uugeuzie upande wa soko."

"Bosi, sekta yenye simu chache, chache zikishindwa asilimia inaruka. Wanaoshindwa ni kina nani?"

"Ni simu."

"Simu za nani?"

"Mueni, mimi naona chati. Wewe ndiye uko huko."

"Basi nipe mpaka Ijumaa."

"Si ndiyo nimesema Ijumaa?"

Kesho yake nikakodi boda boda hadi mwisho wa njia, nikapanda Kwa Ndunda kwa miguu nikiwa na kifaa changu cha kupimia mawimbi. Jua lilikuwa utosini. Juu ya mgongo wa kilima, karibu na jiwe bapa, nilimkuta mama mmoja wa makamo ameketi. Mbele yake kulikuwa na kiondo, kikapu cha kusukwa kwa katani, na kiondo kilikuwa kimejaa simu. Kila alipowasha moja aliirudisha ndani, akachukua nyingine. Kiondo kizima kilikuwa kinatetemeka na kulia.

"Mama, hujambo. Hizi zote ni zako?"

"Mimi nitapata wapi simu zote hizi? Wewe ni polisi?"

"Mimi ni wa mnara."

"Ah! Wewe ndiye mwenye busta, huo mnara wa simu." Akanitazama kuanzia viatu. "Mbona mliiweka ikatazama nyani, na sisi tuko bondeni?"

Aliitwa Mama Mwikali. Aliniambia yote bila haraka, huku akiendelea kuwasha. Bondeni kulikuwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Wakati huo walikuwa wanajenga bwawa la mchanga, ukuta unaozuia mchanga ili utunze maji, katika mto mkavu. Simu zao walizizima kutwa nzima kwa sababu chaji inatafutwa sokoni. Na kwa kuwa kupanda kilima kunakula nusu ya siku, waliona hakuna haja ya kupanda wote. Kila mchana mtu mmoja wa mwethya alibeba simu za wote, akaziwasha juu ya kilima, akangoja ujumbe ushuke, akazizima na kuzirudisha. Ilikuwa kazi ya zamu, kama kuchota maji ya saruji.

"Leo ni zamu yako?"

"Siku hizi ni zamu yangu kila siku. Nimewaomba. Wao wananichimbia sehemu yangu."

Akatoa simu yake mwenyewe, kioo kimepasuka kona. Binti yake Mwikali alikuwa amejifungua kabla ya wakati wake, na alikuwa hospitalini mjini Kitui, mtoto akiwa ndani ya mashine ya joto. Mama hakuweza kwenda. Mumewe alikuwa amelala nyumbani na mguu uliovunjika. Kila asubuhi Mwikali alituma picha ya mtoto. Mama akanionyesha. Kulikuwa na mraba wa ukungu, rangi ya waridi na ya kahawia zimechanganyika, na katikati kiduara kikizunguka.

"Huyu ndiye mjukuu wangu," akasema. "Kila siku ananijia hivi. Nimewaambia kina mama huko chini, wajukuu wenu wana pua, wangu ana ukungu."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na nilijua Ijumaa ni lini. Ile picha ya ukungu ni nakala ndogo sana inayosafiri pamoja na ujumbe wenyewe. Inahitaji pakiti chache tu. Picha kamili huja nyuma yake kwa pakiti nyingi, na simu lazima iziombe. Lakini hapo kwenye jiwe, simu zote za bonde zilikuwa zinaamka pamoja, mbali na mnara, zote zinapiga hodi kwa nguvu na kugongana. Zilizoingia zilianza kuvuta kila kitu kilichorundikana tangu jana: video za kwaya, mahubiri, matangazo ya mbuzi. Zamu zote zilikwenda kwa kwaya. Mjukuu alibaki mlangoni.

"Mama, ofisi yetu inataka kuzima upande huu."

Mikono yake ikasimama. "Kuzima? Kwani tumewakosea nini?"

"Hawajui kama mko."

"Si wewe umetuona? Waambie."

Nilitaka kumwambia kwamba Nairobi hawali maneno, wanakula chati. Badala yake nikamwomba anipeleke bondeni.

Kina mama walikuwa mtoni, karai na sepetu mikononi, wanaume wachache wakipanga mawe. Mama Mwikali akawaeleza kwa Kikamba, kisha akanisukuma mbele.

"Kwa hiyo," akauliza mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kofia ya kampeni za zamani, "umesoma chuo kikuu ili uje utuambie tunawasha simu vibaya?"

"Mnaziwasha vizuri, Mama. Ila mnaziwasha pamoja."

"Si ndiyo mwethya? Kila kitu pamoja!"

Wakacheka wote. Nikaona nikiendelea na maneno ya darasani nitapoteza siku. Nikamwuliza: mkichota maji kwenye kisima kimoja, mnashusha ndoo zote kwa pamoja?

"Hapana. Zitagongana."

"Basi mnara ni kisima chembamba, na nyinyi mko kwenye ukingo wa mbali."

Mwenyekiti akafikiri. Akageukia wenzake. "Ati tupange foleni ya simu." Mmoja akapinga: yeye video za kwaya ndizo alizokuwa anapandishia simu. Mwingine akamjibu, "Hiyo kwaya unaimba wewe mwenyewe kila Jumapili, na bado unataka ujione tena?" Wakakubaliana kwa njia yao, si yangu. Simu ya Mama Mwikali ingewashwa kwanza, peke yake, mpaka picha ifunguke. Zingine zingefuata chache chache, na yenye mgonjwa au mtoto shuleni ingetangulia. Nilikaa kwenye jiwe la mto nikazima, katika kila simu, ile tabia ya kujivutia video bila kuombwa. Anayetaka kwaya angeiomba mwenyewe, mwisho wa foleni.

Jumatano nikapanda mnara. Antena ya sekta ile ilikuwa imeinamishwa chini, kana kwamba watu wake wako chini ya mguu wa mnara. Nikampigia Bwana Musyoka kuomba ruhusa ya kuiinua kidogo.

"Kwa nini?" akauliza. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeuliza.

"Kwa sababu watu wako juu ya kilima, si chini yake."

"Nani kakwambia?"

"Nimewaona."

"Inua."

Alhamisi nilikuwa kwenye jiwe bapa kabla ya kiondo kufika. Mama Mwikali hakuja peke yake. Mwenyekiti alikuja, na wawili wengine, eti kuhakikisha foleni inafuatwa. Nikamwomba Mama asirudishe simu kiondoni, aishike mkononi na kuutazama mnara, ili mwili wake usizibe njia. Akaiwasha. Tukangoja. Mawimbi yakapanda, yakashuka, yakapanda. Ujumbe ukaingia. Mraba wa ukungu ukatokea, na kiduara kikaanza kuzunguka.

Mimi nilikuwa naangalia kifaa changu, pakiti zikiteremka moja moja kwa lugha ile ya polepole ya simu za mbali, majibu yakirudi, nyingine zikirudiwa. Kisha nikasikia Mama Mwikali akivuta pumzi.

Mtoto alikuwa mdogo kama embe, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi, ngumi moja imekazwa kando ya shavu. Macho yalikuwa wazi.

"Ana pua," akasema Mama.

Mwenyekiti akaichukua simu, akaisogeza, akaitazama kwa makini. "Ana pua ya babake. Pole sana."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Mwikali alikuwa anacheka na kulia, akifuta kioo kilichopasuka kwa ncha ya leso kana kwamba vumbi ndilo lililokuwa tatizo siku zote. Kisha wakakumbuka foleni, na mwenyekiti akaanza kuita simu kwa majina ya wenyewe, kama mwalimu.

Ijumaa Meneja wa Mipango alipiga mapema.

"Umefanya nini kwenye ile sekta? Jana karibu haikushindwa kabisa."

"Niliomba wapange foleni."

"Kina nani?"

"Wateja wako. Ni kina mama wa mwethya, wanajenga bwawa."

"Niandikie hiyo. Na uniwekee picha ya mahali." Sekta haikuzimwa. Yule bosi niliyemwona kama chati iliyovaa suti, baada ya hapo, kila alipotaka kuzima upande wowote, alinipigia kwanza na kuniuliza kama kuna mtu na kiondo. Namshukuru. Si wengi wanaobadilisha namna yao ya kuuliza wakiwa wameshapanda cheo.

Nilifanya kazi sehemu nyingine baadaye, mjini Wote na vijiji vya Makueni, nikasimamia mafundi wangu mwenyewe, na nikapata wa kunibishia. Mitambo ilibadilika. Ningeweza kuwaambia mengi kuhusu kizazi kipya cha redio, lakini mtayasoma vitabuni. Ninachowaachia ni kile kisichoandikwa katika mwongozo wa mtambo: ukiona simu inashindwa, usianze na simu. Nenda ukaone imeshikwa na nani, wapi, na kwa desturi gani. Mashaka yangu ya ujana hayajaisha, na sioni aibu nayo. Nawashukuru tu walionipa mahali pa kuyapeleka: Bwana Musyoka kwa kunituma, Madamu kwa lile korongo, na kina mama wa Kwa Ndunda kwa kunikalisha juu ya jiwe la mto na kunipa uji kabla hawajajua kama nina faida.

Ile kazi ya Mutomo niliihesabu kwa miaka kama ushindi wa picha. Nilisimulia hivyo kwa kila fundi mgeni: picha ya ukungu, kisha picha yenye pua. Niliamini nilimtumikia anayepokea, na kwamba hilo ndilo jibu nililodaiwa siku ya kwanza.

Mwaka niliotoka kazini, nikiwa Kitui mjini nanunua viatu vya kufundishia, mwanamke aliyekuwa anamjaribishia mtoto sare ya shule alinisikia nikitaja Mutomo. Akaniuliza kama mimi ndiye Injinia wa kiondo. Alikuwa Mwikali. Mtoto aliyekuwa anavutwa mikono ya sweta ndiye yule wa picha, sasa ana meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Nikamwambia, kwa furaha, jinsi picha zake zilivyokuwa hazifunguki na jinsi tulivyohangaika.

Alishangaa. Hakuwahi kujua kwamba hazikufunguka. Mama yake hakumwambia. Pale wodini, akasema, alituma picha asubuhi, ikaonyesha tiki moja, yaani imetoka lakini haijafika, na akakaa akiitazama tu. Mchana tiki ya pili ilipotokea alijua mama yake amepanda kilima, yuko hai, na anamwaza. Ndipo alipoweza kula. Picha yenyewe, akasema, angeweza kutuma hata ya ukuta. Alichokuwa anangoja kila siku ni tiki ya pili.